Kuuza au Kununua? Maswali Matano ya Kichina Kutoka Ruashi

Mimi ni mwanafunzi wa lugha hapa Lubumbashi na ninakaa Ruashi. Kichina nilianza kukisoma miaka miwili iliyopita, kwanza kwa kitabu na simu, kisha kwa masikio, kwa sababu Ruashi Kichina kinasikika. Tangu mwaka 2012 mgodi wa shaba na kobalti wa Ruashi uko mikononi mwa kampuni ya Jinchuan, yenye makao yake katika jimbo la Gansu. Lakini Wachina ninaokutana nao mimi si wa ofisi za mgodi. Ni wenye maduka ya vyuma na vigae, mafundi wa magari, madereva, wapishi. Hao ndio walimu wangu, ingawa wao wenyewe hawajui kwamba wananifundisha.

Nimekusanya hapa maswali matano ambayo kitabu hakikunijibu, au kilinijibu nusu. Kila swali lilizaliwa na kosa. Makosa mengine yalikuwa yangu, na gharama yake ililipwa na watu wengine. Ndiyo maana nayaandika, ili wewe msomaji unayeanza usiyarudie.

Kwanza neno moja kuhusu alama. Kichina hutofautisha maneno kwa kidatu cha sauti. Katika maandishi ya Kilatini, ā ni sauti ya juu iliyo sawa, á ni sauti inayopanda, ǎ ni sauti ya chini, na à ni sauti inayoshuka ghafla. Waliokulia katika nyumba za Tshiluba au Kibemba wasiogope. Lugha hizo nazo zina vidatu, na masikio yao yameshaanza kazi. Anayepata shida zaidi ni yule aliyekulia katika Kiswahili na Kifaransa tu, kama mimi.

Swali la kwanza: Mbona "kununua" na "kuuza" ni neno moja?

Si neno moja, lakini nililipa ili kulijua hilo.

Mama yangu mdogo anafanya biashara ya mboga. Siku moja alisikia kwamba mpishi wa kambi moja ya wajenzi Wachina anatafuta nyanya. Akaniita: "Mwana, we unayua luga yabo. Twende, umuambiye ule mupishi ya kama mi nauzisha tomati." Tulikodi mkokoteni, tukapakia beseni tatu, tukauacha mkokoteni barabarani chini ya mti na kwenda getini wawili tu.

Mpishi akatoka. Nikasimama vizuri, nikamwambia kwa heshima: *Tā mǎi cài.* Akamtazama mama mdogo, akatikisa kichwa, akasema *méiyǒu, méiyǒu*, yaani "hakuna, hakuna", akafunga geti. Tuligonga tena, hakutoka. Nyanya zile ziliuzwa jioni sokoni kwa nusu ya bei, na pesa ya mkokoteni ilikuwa imeshakwenda.

Nilikuwa nimesema nini? 买 *mǎi* ni kununua. 卖 *mài* ni kuuza. 菜 *cài* ni mboga. Nilitaka kusema "huyu anauza mboga", nikasema "huyu ananunua mboga". Mpishi alidhani mama wa watu amekuja kununua mboga jikoni kwake, na akamjibu kwa ukweli kwamba hana.

Kosa lilitoka wapi? Darasani nilikuwa nayajua maneno yote mawili. Lakini sisi tunapozungumza na mtu tunayemheshimu hushusha sauti na kwenda polepole. Nikiwa getini, heshima yangu iliishusha *mài* ikawa *mǎi*. Katika Kichina heshima haikai kwenye kidatu. Kidatu ni sehemu ya neno, kama herufi. Ukikiondoa, umebadilisha neno.

Jambo la pili ambalo kitabu kilinichanganya nalo ni mchoro wa ǎ. Kitabu huichora kama bakuli: sauti inashuka, kisha inapanda. Hivyo ndivyo inavyotamkwa ikiwa peke yake au mwisho wa usemi. Ndani ya maneno ya haraka, mbele ya vidatu vingine, huwa ya chini tu na haipandi. (Mbele ya ǎ nyingine, ya kwanza hugeuka kuwa á.) Kwa hiyo usitafute bakuli. *Mǎi cài*: anza chini, kaa chini. *Mài cài*: shuka kwa nguvu mara mbili, kama unavyomfukuza mbuzi aliyeingia kwenye mboga zako.

Sasa rudi kwenye maneno ya mama mdogo. Alisema "mi nauzisha". Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi, *kuuza* ni kununua, na *kuuzisha* ni kumpa mwenzako kwa pesa. Katika Kiswahili sanifu *kuuza* ni kutoa kwa pesa, na kupata kwa pesa ni *kununua*. Mama mdogo akimwambia dereva wa lori aliyetoka Tanzania na kupitia Kasumbalesa kwamba "nataka kuuza mahindi", dereva atasubiri aonyeshwe mahindi, naye mama atasubiri yashushwe. Kwa hiyo mkanganyiko ule haukuwa wa Wachina peke yao. Sisi wenyewe tunao nyumbani.

Ufanano huo unaingia hata katika maandishi. *Kuuzisha* ni *kuuza* na kiambishi cha kusababisha: kumfanya mwingine anunue. Kichina nacho kimefanya hivyo. Alama 卖 ni 买 iliyoongezewa kitu juu yake. Katika mwandiko wa kale, kilichowekwa juu ya "kununua" kilikuwa alama 出, "kutoka". Kuuza ni ununuzi unaotoka kwako. Na ukiyaunganisha yote mawili, 买卖 *mǎimai*, unapata neno la "biashara". Tangu nilipoliona hilo, sijachanganya tena.

Swali la pili: Kwa nini bei zao hazilingani na zetu?

Sisi tunahesabu faranga kwa elfu. Wachina wanahesabu kwa 万 *wàn*, yaani elfu kumi. Hilo ni fungu lao la msingi, na kila kitu kikubwa hujengwa juu yake. 25 000 si "ishirini na tano elfu". Ni "*wàn* mbili na tano": *liǎng wàn wǔ*. Ile *wǔ* ya mwisho si tano. Ni tano ya fungu linalofuata chini, yaani 5 000.

Siku moja nilimsaidia mnunuzi katika duka la pampu za maji. Mwenye duka alisema *shí'èr wàn*. Nilisikia *shí'èr*, kumi na mbili, na kinywa changu kikaongeza "elfu" kwa mazoea. Mnunuzi akafurahi, akapiga simu nyumbani pesa iletwe. Bei ilikuwa 120 000. Aliponigeukia sikuwa na la kumjibu.

Kanuni ni hii: kata tarakimu nne kutoka kulia, kisha soma kilichobaki kushoto kama idadi ya *wàn*. 480 000 inakuwa 48|0000, yaani *sìshíbā wàn*. Fanya zoezi hili kwa kila bei unayoiona barabarani hadi lisikusumbue.

Kuna mitego mingine mitatu. Wa kwanza ni lafudhi. Wachina wengi wa kusini na kusini-magharibi hawatofautishi *sh* na *s*. Hapo 4 (*sì*) na 10 (*shí*) hubaki na kidatu tu cha kuzitenga: inayoshuka ni nne, inayopanda ni kumi. Wa pili ni vidole. Mchina akikuonyesha kidole gumba na cha shahada, anasema 8. Sisi tuliozoea kuanza kuhesabu kwa gumba tunaona 2. Gumba na kidole cha mwisho ni 6, na vidole viwili vya shahada vilivyopishana ni 10. Wa tatu ni 250. *Èrbǎiwǔ* katika lugha ya mitaani ni "mjinga, punguani". Usimwambie mtu namba hiyo ukimtazama usoni huku ukicheka. Wenyewe wakitaka kutaja bei hiyo, wengi husema *liǎngbǎi wǔ* ili kuepuka tusi.

Na kwa kuwa tumeingia mitaani: vijana wao wanapoandikiana kwenye WeChat hutumia namba kama maneno, kwa sababu zinasikika karibu na maneno hayo. 88 (*bābā*) ni kwaheri, 520 (*wǔ èr líng*) ni "nakupenda", na 666 (*liù liù liù*) ni sifa kwa mtu aliyefanya jambo kwa ustadi. Rafiki yangu Mkristo alipotumiwa 666 na fundi aliyemsaidia kupakua matofali, hakulala vizuri usiku ule. Alikuwa amesifiwa.

Swali la tatu: Je, wanatuita "nègre"?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na nimelisikia mara nyingi kutoka kwa watu wenye hasira ya kweli.

Jirani yetu mmoja, mzee ambaye wote mtaani tunamwita papa, alikuwa kibarua wa kuchanganya zege. Jioni moja alirudi akasema amekaribia kumpiga msimamizi wake. "Anatuita nègre kila dakika," alisema. "Nègre, nègre, nègre, na kidole mbele ya macho." Wenzake wawili walikuwa tayari kuacha kazi siku inayofuata.

Nilimwomba aige sauti ile sawasawa. Alisema *neige, neige*. Nikamwambia: "Papa, haiko matukano. Ni namna yake ya kutafuta maneno." Hakunisadiki, na sikumlaumu.

那个 *nàge* maana yake ni "kile" au "yule". Katika mazungumzo wengi hulitamka *nèige*. Kama sisi tunavyosema "nanii… nanii…" tunapotafuta jina lililotupotea, Mchina husema *nèige… nèige…*, na huonyesha kidole, kwa kuwa neno lenyewe ni la kuonyesha. Mtu asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, aliyesimama mbele ya vibarua ishirini akitafuta namna ya kusema "koleo", atalisema neno hilo mara nyingi kuliko neno jingine lolote.

Mkanganyiko huu haukuanza hapa. Mwezi wa nane 2020, katika Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani, profesa mmoja alilitaja neno hilo darasani kama mfano wa maneno ya kujazia mazungumzo. Wanafunzi walilisikia kama tusi la Kiingereza, wakalalamika, na kozi ile akapewa profesa mwingine. Mabishano yake yalienea dunia nzima. Ikiwa wasomi wa Los Angeles walishindwa kusikilizana, mchanganya zege wa Ruashi asichekwe.

Unalitambuaje? Sikiliza kinachofuata. Baada ya *nèige* ya kujazia huja kimya kidogo au jina la kitu. Sikiliza pia *zhège*, "hiki", kwani humfanyia kazi ileile mtu yuleyule. Nilimpa papa jaribio: kesho ahesabu mara ngapi msimamizi analitumia neno hilo akizungumza na Wachina wenzake. Alirudi akasema, "Anabaita na wenzake vilevile." Kazi hakuacha. Lakini aliniuliza swali jingine, nalo ndilo la nne.

Swali la nne: Basi wakitaka kutuita, wanatuitaje? Na sisi tuwaiteje?

Neno la kawaida la mtu mweusi ni 黑人 *hēirén*. Lenyewe halina tusi. Mwafrika ni *Fēizhōu rén*, Mkongomani ni *Gāngguǒ rén*. Lakini kambini utasikia 老黑 *lǎohēi*. *Hēi* ni "-eusi". *Lǎo* ni "mzee", na Wachina hulitanguliza mbele ya jina la ukoo la mtu waliyemzoea: *Lǎo Wáng*, kama kusema "mzee Wang". Mwalimu ni *lǎoshī*, mgeni kutoka ng'ambo ni *lǎowài*.

Je, *lǎohēi* ni tusi? Nilimuuliza mwenye duka mmoja ninayemzoea. Alisema hapana, ni la kirafiki. Kisha nikamuuliza kama angeliandika katika barua kwa mkuu wa mtaa wetu. Akanyamaza, akasema hapana. Hilo ndilo jibu langu kwenu: si kila anayelisema anakutukana, lakini ni neno linalomtaja mtu kwa ngozi yake wakati ana jina, na msemaji mwenyewe anajua mahali ambapo hawezi kulitumia. Una haki ya kusema jina lako na kuomba uitwe hivyo: *Wǒ jiào…*, "ninaitwa…". Aliye na nia njema atabadilika.

Mwenye duka yule naye aliniuliza swali: "Na watoto wenu wanaponifuata wakipiga kelele 'Shinwa! Shinwa!', ni heshima?" Nikanyamaza mimi. Tena tunasema "hii ni ya Shinwa" kwa kitu kinachovunjika upesi. Neno "Shinwa" halina kosa, linatoka katika Kifaransa. Kosa liko kwenye kelele na kicheko. Tuwafundishe wadogo zetu hilo kabla ya kudai letu.

Maneno salama ya kuwaitia ni haya. Mwenye duka: 老板 *lǎobǎn*. Fundi, dereva, mtu yeyote wa kazi ya mikono: 师傅 *shīfu*, neno la heshima linalofanana na "fundi" letu linapotamkwa kwa uzito. Mwanamume aliyekuzidi kidogo: *dàgē*; mwanamke: *dàjiě*. Hayo ni "yaya" wetu kabisa. Angalia: vitabu vya zamani hufundisha *xiǎojiě* kwa msichana. Leo, sehemu nyingi za China bara, neno hilo likisimama peke yake laweza kumaanisha kahaba. Tumia *měinǚ*, "mrembo", ambalo dukani halina uzito wowote wa kutongoza.

Swali la tano: Mbona maneno mepesi hayana maana yake ya kamusi?

*Mǎshàng* kamusi inasema "mara moja". Kwa herufi ni "juu ya farasi". Barabarani ni kama "sasa hivi" yetu: farasi bado anakula. *Chàbuduō* ni "karibu sawa". Fundi akikuambia hivyo kuhusu gari lako, liangalie mwenyewe. *Chī le ma?*, "umekula?", kwa wengi ni salamu tu, jibu "*chī le*, na wewe?", usiingie kutafuta sahani. *Mànzǒu*, "tembea polepole", huambiwa mtu anayeondoka. Hakuna anayekukataza kuharakisha.

Lakini lipo moja ambalo Kifaransa hakina na Kiswahili kinalo: 辛苦了 *xīnkǔ le*. Ni "pole na kazi". Kwa Kifaransa utazunguka sentensi nzima na bado hutafika. Kwa Kiswahili unafika kwa maneno matatu. Ndiyo maana nawaambia wenzangu: msifasiri Kichina kwa kupitia Kifaransa tu. Jaribuni kwanza lugha ya nyumbani.

Mwisho

Wiki mbili baada ya aibu ya getini, mama mdogo alitaka turudi. Nilimwambia ajifunze mwenyewe maneno mawili, nami nisimame kando. Alifanya mazoezi akiosha vyombo: *mài cài, mài cài*, kwa sauti ya kufukuza mbuzi. Safari hii tulipeleka beseni hadi getini. Mpishi alisikia, akacheka, akachagua nyanya moja moja, akalipa, na kumwambia kitu alichonigeukia ili nikifasiri. Alikuwa amesema *lǎobǎn, xīnkǔ le*. Nikamwambia: "Anakuita bosi, na anakupa pole ya kazi." Mama mdogo akauliza pole inajibiwaje. Sikuwa nimejifunza. Sasa najua: *bù xīnkǔ*, "si taabu".

Zoezi

1. Soma kwa Kichina: 35 000, 120 000, 250 000. (*Sān wàn wǔ, shí'èr wàn, èrshíwǔ wàn.*)
2. Tamka *mǎi* na *mài* mbele ya mwenzako bila mpangilio; yeye aseme "nauza" au "nauzisha" kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Akikosea mara mbili kati ya kumi, rudia kesho.
3. Vipande vya metali: alama 钅 upande wa kushoto huonyesha metali, upande wa kulia husaidia sauti. Hivyo 铜 *tóng* ni shaba na 钴 *gǔ* ni kobalti. Tafuta alama hizo kwenye mabango na malori ya mtaa wako. Kisha tafuta jina la nchi yetu, 刚果（金）. Ile 金 *jīn* ya mwisho imekatwa kutoka jina la Kinshasa ili kututofautisha na Brazzaville. Ikisimama peke yake, ni "dhahabu".